Je, Atarudi?

Kama chai imekwisha kuiva, jimiminie kikombe ukae karibu na redio, maana leo nina jambo ambalo limenikalia moyoni kwa majuma mawili sasa, na ningependa tulitazame pamoja.

Lilianza Jumanne moja jioni. Nilikuwa katika ofisi ndogo ya kanisa nikipanga vyeti vya ubatizo, mara nikasikia hodi. Akaingia kijana mmoja wa ushirika wetu, mwanafunzi wa sekondari, mrefu, mwenye viganja vipana kama sahani. Huyu huimba besi katika kwaya ya vijana, ingawa mara nyingine hupanda kwenye teno bila kujua, na shuleni hucheza mpira wa mikono, ule ambao wanafunzi huuita hendiboli. Mkononi alikuwa na karatasi. Akasema, "Mchungaji, nimechaguliwa." Yeye pamoja na vijana wengine wa umri wake walikuwa wametakiwa kwenda kucheza nchi za nje, na karatasi ile ilihitaji saini ya mzazi, ya mwalimu mkuu, na ya kiongozi wa dini.

Nilifurahi. Nani asingefurahi? Nikatoa kalamu, nikaanza kusoma. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tabia yake, muda niliomfahamu. Hayo yote ni mepesi, kwa kuwa mtoto huyu nilimfundisha darasa la kipaimara mimi mwenyewe. Lakini chini kabisa, juu ya mahali pa saini, palikuwa na mstari uliosema kwamba mimi ninathibitisha kuwa kijana huyu atarudi nyumbani pamoja na timu yake. Kalamu ikasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, niachie karatasi hii mpaka Jumapili." Akanitazama kama mtu aliyenyimwa kitu naye hajui ni kitu gani, akatoka.

Labda utasema, "Lakini Mchungaji, hilo ni jambo dogo, ungetia saini tu." Naam, ningetia. Lakini niliposoma maneno yale niliwakumbuka vijana kumi wa Burundi, nao wakakataa kuniondokea.

Kwanza niseme kidogo juu ya mchezo wenyewe, maana najua wako wasikilizaji, hasa wazee wenzangu, ambao kwao mpira ni ule wa miguu tu. Mpira wa mikono huchezwa ndani ya ukumbi, katika uwanja wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Kila upande una wachezaji saba, mmoja wao akiwa mlinda lango. Mbele ya lango pamechorwa mstari uliopinda, nao uko mita sita kutoka langoni, na ndani ya mstari huo hakanyagi mtu ila mlinda lango peke yake. Mchezaji akishika mpira hawezi kupiga hatua zaidi ya tatu, wala hawezi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Ni lazima aupige chini, ampe mwenziwe, au autupe langoni. Kwa hiyo ni mchezo wa haraka sana, na hakuna awezaye kuucheza kwa uchoyo. Dakika 30, mapumziko, kisha dakika 30 nyingine, na mabao hutiwa kwa makumi.

Tena liko jambo moja ambalo ni lazima ulishike, ndipo uelewe habari ninayotaka kukuambia. Katika mchezo huu benchi si mahali pa kungoja tu. Wachezaji hubadilishana wakati wowote, mara nyingi kama wapendavyo, wala hawangoji refa awape ruhusa. Mmoja akichoka hutoka mbio, na mwingine huingia. Wale walioko benchi ni pumzi ya wale walioko uwanjani. Ukiiondolea timu benchi lake umeiondolea mapafu.

Basi, mwezi wa Agosti mwaka wa 2023 mashindano ya dunia ya mchezo huu kwa wavulana walio chini ya miaka 19 yalifanyika katika nchi ya Kroatia, kusini mwa Ulaya. Kroatia ni nchi ndogo, watu wake hawafiki hata milioni nne, lakini katika mpira wa mikono ni jitu. Imetwaa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, mwaka wa 1996 na wa 2004, na mwaka wa 2003 ilikuwa bingwa wa dunia. Timu 32 zilikusanyika huko. Kutoka upande wetu huu wa Afrika zilikuwako Rwanda na Burundi. Hebu fikiri maana yake. Mwaka uliotangulia, 2022, mashindano ya Afrika ya vijana yalikuwa yamechezwa Kigali, pale pale kwa jirani, na sasa watoto wa nchi mbili ndogo za maziwa makuu walikuwa wakisimama kuimba wimbo wa taifa mbele ya Wazungu ambao huzaliwa na mpira ule mikononi.

Vijana wa Burundi walikuwa wakikaa katika mabweni ya wanafunzi katika mji wa Rijeka, ambao ni mji wa bandari. Tarehe 9 Agosti, kumi kati yao walitoka humo, wala hawakurudi. Walikuwa vijana wa miaka 17 na 18 hivi. Usiku ukaingia. Polisi wakaarifiwa, picha zao zikaenea kila mahali. Mechi iliyofuata haikuchezwa. Burundi ilihesabiwa kuwa imeshindwa bila mtu kugusa mpira.

Baada ya siku kadhaa ilijulikana kwamba wako Ubelgiji, nao wameomba kupewa hifadhi huko.

Nakumbuka Jumapili moja baada ya habari hizo. Ibada ilikwisha, nasi tukasimama chini ya mti nje ya kanisa kama ilivyo kawaida yetu, na wazee wa kanisa wakalizungumza jambo lile. Mmoja alisema, "Wametia nchi yao aibu." Mwingine akasema, "Kumbe walienda kwa mpira au kwa miguu?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, nakiri mbele yenu. Lakini mzee mmoja, ambaye zamani alifanya kazi ya kuendesha malori mpaka Bujumbura, hakucheka. Alitikisa kichwa, akasema, "Ninyi hamjui njia ile." Akanyamaza, nasi hatukumwuliza zaidi.

Nimeifikiri njia ile tangu siku hizo. Vijana waliozaliwa mwaka wa 2005 au 2006 walikuwa na umri wa miaka tisa au kumi ilipofika 2015, mwaka ule ambao Burundi ilitikisika. Rais alitaka kugombea muhula wa tatu, watu wakaandamana, mwezi wa Mei wanajeshi wengine wakajaribu kumpindua wakashindwa, na damu ikamwagika. Miaka miwili baadaye Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbilia nchi za jirani, wengi wao kule Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Hata Kakuma kwetu wako. Simaanishi kwamba vijana wale kumi walipitia hayo yote. Siwafahamu. Nasema tu kwamba mtoto wa darasa la nne huona na kusikia, na kwamba nchi yao kwa kipimo cha mapato ya mtu mmoja iko miongoni mwa zile zilizo maskini kuliko zote duniani.

Tena hawakubuni njia hiyo wao. Mwaka wa 2022 Warundi wengi walikuwa wakipanda ndege mpaka Serbia, kwa sababu Serbia haikuwadai viza. Kutoka hapo walitembea na kupanda magari wakielekea magharibi, na wengi walikwenda Ubelgiji, nchi iliyowatawala mpaka Julai 1962, ambako wana ndugu na ambako Kifaransa walichosoma shuleni kinaeleweka. Mwishoni mwa mwaka huo Serbia ikaufunga mlango. Lakini tarehe 1 Januari 2023 Kroatia iliingia katika umoja wa nchi zile za Ulaya ambazo zimeondoa ukaguzi mipakani mwao. Na Rijeka si mbali na mpaka wa Slovenia. Ukivuka hapo, mbele yako kuna Austria, Ujerumani, kisha Ubelgiji, zaidi ya kilomita 1,000. Watoto wetu wanaposoma jiografia sisi hudhani wanasomea mtihani.

Sasa, msikilizaji mpenzi, tusijifanye kwamba haya ni mambo ya Burundi. Desemba 2009, hapa hapa Nairobi, timu ya taifa ya kandanda ya Eritrea ilikuja katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati. Ndege iliyowarudisha nyumbani iliondoka bila wachezaji 12. Mwaka wa 2012 Waeritrea wengine wa timu ya taifa wakafanya vivyo hivyo Kampala. Na Julai 2021 mnyanyuaji wa vyuma wa Uganda alitoweka Japani kabla ya Olimpiki, akaacha barua akisema kwamba maisha ya kwao ni magumu, naye anataka kufanya kazi huko. Alipatikana, akarudishwa.

Lakini tazama upande wa pili pia. Mwaka wa 2003 mkimbiaji wetu Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi kule Paris, akiwa amevaa rangi za Qatar. Tulinung'unika, ndiyo, lakini hakuna polisi aliyetafuta picha yake. Na katika mpira huu huu wa mikono, mwaka wa 2015 Qatar ilichukua nafasi ya pili ya dunia, ikashindwa na Ufaransa katika mechi ya mwisho kwa 25 kwa 22, na wengi wa wachezaji wake walikuwa wamezaliwa nchi nyingine kabisa: Cuba, Bosnia, Montenegro, Hispania. Kanuni za mchezo ziliruhusu. Hata washangiliaji wengine waliletwa kwa ndege kutoka Hispania! Nilipoisoma habari hiyo nilisema moyoni kwamba kumbe nyumba ya wenye mali ina mlango wa mbele kwa yule anayeitwa, na yule asiyeitwa hupita dirishani. Wote wawili wameiacha nchi yao. Mmoja tunamwita mchezaji wa kulipwa, na mwingine tunamwita mtoro.

Hapo ndipo nilipokumbuka mama mmoja.

Zamani kidogo nilitumika katika parokia nyingine, na huko alikuwako mama aliyeuza ndizi sokoni, mjane, mwenye watoto wanne. Mwanawe wa pili alikuwa hodari sana wa mpira wa wavu. Alisafiri na kilabu chake kwenda Ulaya kwa siku 12, na siku ya 13 wenzake walipotua uwanja wa ndege yeye hakuwamo. Mama alikuja nyumbani kwangu usiku, amejitanda kanga, hakutaka hata kukaa. Akaniuliza, "Mchungaji, niambie. Nishukuru au nilie?"

Nami, kwa ujana wangu, nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia majuzi tu, na kila swali nilikuwa na jibu lake mfukoni. Nikamfungulia habari ya mwana mpotevu. Nikamweleza jinsi kijana yule alivyokwenda nchi ya mbali, jinsi alivyotapanya mali, na jinsi baba yake alivyotazama njia kila siku. Nilisema vizuri sana. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, yule alidai urithi wake kwanza. Wangu hakuwa na urithi wa kudai."

Nilikosa la kusema. Mke wangu ndiye aliyemletea maji na kumshika mkono, wakakaa jikoni mpaka usiku wa manane, nami nikabaki sebuleni na Biblia yangu magotini.

Tangu siku ile siwezi kumwita kila kijana asiyerudi mwana mpotevu. Mpotevu alikuwa ameshiba, akaondoka. Lakini pia siwezi kusema kwamba vijana kumi wa Rijeka hawakumpotezea mtu kitu, na hili ndilo jambo ambalo pale chini ya mti hatukulisema. Tuliwataja wale kumi. Tuliitaja Burundi na aibu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewataja waliobaki.

Maana walikuwako waliobaki. Timu haikuwa ya watu kumi. Fikiri juu ya kijana aliyeamka asubuhi ya tarehe 10 Agosti katika bweni lile, akakuta vitanda vya wenzake vimetandikwa, au havikutandikwa, na jezi zimeachwa. Labda aliambiwa mpango akakataa. Labda hakuambiwa, na hilo nadhani ni chungu zaidi, maana ina maana wenzake hawakumwamini. Naye amefanya mazoezi sawa na wao. Mama yake amekopa kama mama zao. Sasa polisi wanamhoji yeye, kwa kuwa ndiye aliyepo wa kuhojiwa. Hawezi kucheza, maana mpira huu hauchezwi na wachache wasio na benchi. Anarudi kwao Bujumbura bila mechi, na kila atakayemwona atamwuliza habari za wale kumi. Tena wako watakaomcheka kwa kuwa alipata nafasi naye akairudisha.

Katika mfano ule wa mwana mpotevu yuko ndugu mkubwa aliyebaki nyumbani, akakasirika. Sisi wahubiri tumemsema vibaya miaka mingi. Nami nimemsema. Siku hizi nikifika mahali pale katika masomo ninapita polepole.

Kuna hasara nyingine pia. Wenye kulima kahawa wanajua kitalu ni nini. Hutarajii matunda katika kitalu. Unamwagilia maji miche midogo, unaikinga na jua, ukijua kwamba baada ya miaka kadhaa shamba lote litatoka hapo. Timu ya vijana ni kitalu. Wamisri wametuonyesha jambo hili katika mchezo huu huu. Mwaka wa 1993 waliandaa mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 21, ambayo yalianzishwa mwaka wa 1977, nao wakayashinda. Mpaka leo hakuna nchi nyingine nje ya Ulaya iliyopata kulitwaa taji hilo. Kisha yakafuata matunda. Mwaka wa 1995 timu yao ya wakubwa ikawa ya sita duniani, na mwaka wa 2001 ikawa ya nne. Mwaka wa 2019 vijana wao wa chini ya miaka 19 wakawashinda Wajerumani katika mechi ya mwisho, wakawa mabingwa wa dunia, na katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka wa 2021 wakubwa wakafika nusu fainali, jambo ambalo timu ya Afrika haikuwa imelifanya katika mchezo huo. Hayo hayakuja kwa miujiza. Wana kumbi, wana ligi, wana vilabu vinavyomlea mtoto tangu akiwa mdogo. Kijana wa Misri akienda Ulaya na timu yake ana sababu ya kurudi: kilabu kinamngoja, na pengine mshahara.

Je, kijana wetu anarudia nini? Nilijiuliza hivyo usiku wa Jumamosi, karatasi ikiwa mezani. Uwanja wa shule yake ni wa udongo. Milango ya goli ni miti ya mikalitusi iliyofungwa kamba. Wavu hakuna, na mwaka jana mpira wao ulipasuka wakacheza nusu muhula na mpira wa ukubwa usiofaa ambao mwalimu aliuazima. Nilikwenda mara moja kuwatazama, nikaona vumbi kuliko nilivyoona mchezo. Kisha mtu fulani anakaa ofisini anaandika mstari kwamba mchungaji athibitishe atarudi. Nilikasirika kidogo, ndugu yangu, nakuambia kweli. Wanaopaswa kuthibitisha ni wengi, nao hawakuwekewa mahali pa saini.

Lakini pia nilijua kwa nini mstari ule uliandikwa. Uliandikwa kwa sababu ya vijana walioondoka mabwenini huko nyuma. Kila anayetoweka humwachia mzigo kijana ajaye baada yake, yule atakayesimama dirishani kwenye ubalozi na kuulizwa maswali ambayo hayamhusu. Mtoto wangu wa kwaya hajamdanganya mtu, na tayari anashukiwa.

Jumapili baada ya ibada akaja, pamoja na baba yake. Baba ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Nikawakalisha. Nikamwambia kijana habari yote ya Rijeka, kama nilivyowaambia ninyi, sikumficha njia wala majina ya nchi. Baba alinitazama kwa hofu, nadhani alifikiri ninamfundisha mtoto wake pa kupita. Lakini vijana wa leo wanajua zaidi yetu. Akasema, "Mchungaji, habari hiyo naijua. Sote kwenye timu tunaijua." Nikamwuliza, "Na mnaisemaje?" Akainama. Akasema, "Wengine wanasema wale walikuwa werevu."

"Na wewe?"

Akakaa kimya muda mrefu. Baba yake alikuwa akikuna ukingo wa meza yangu kwa kucha, kama anayepima kama mbao ni ya mvule. Ndipo kijana akasema, "Mimi nawafikiria wale wengine. Walicheza na nani?"

Ndugu msikilizaji, sikuwa nimemwambia neno juu ya waliobaki. Alilifikia mwenyewe, mtoto wa miaka 17, na sisi wazee wa chini ya mti tulikuwa tumelipita.

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba ninamfahamu tangu darasa la kipaimara, kwamba ni mkweli, kwamba huchelewa mazoezi ya kwaya lakini hakosi. Mahali palipotaka nithibitishe kwamba atarudi nilipiga mstari juu ya maneno yale, nikaandika kando kwa mkono wangu: "Tunamtazamia." Nikamwambia kwamba wakikataa karatasi kwa sababu hiyo, nitakwenda mwenyewe kuzungumza nao. Baba akasoma, akaniomba kalamu, na chini ya maneno yangu akaandika jina lake pia, polepole, ingawa mahali pa mzazi palikuwa ukurasa wa kwanza naye alikwisha kutia saini.

Hawakuikataa. Ataondoka Alhamisi ijayo. Akina mama wa ushirika wamechanga fedha za kumnunulia viatu vya kuchezea ukumbini, maana vile vyake vya udongo havikubaliwi huko, na mzee yule wa malori ndiye atakayeendesha gari kuwapeleka uwanja wa ndege. Nami nimeombwa niwe nao safarini, kwa hiyo Alhamisi mtasikia sauti ya mwenzangu hapa redioni, si yangu. Kwaherini kwa sasa.